Sura ya 4: Moshi wa Asubuhi

Jua lilikuwa bado halijavuka miamba ya upande wa Kigongo mpwa wangu alipoingia uani akiisukuma Boxer yake. Aliiegemeza kwenye mwembe taratibu, kama mtu anayemshusha mgonjwa zahanati, kisha akabaki amesimama na kikaratasi mkononi, kimekunjwa mara nne.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Inawaka?”

“Inawaka, ila ikikolea mwendo inamisi. Juzi imenizimia katikati ya daraja, nina makreti mawili ya sato. Na asubuhi inatoa moshi. Fundi ameniandikia pistoni, ringi na kabureta mpya.”

Nilikipokea kile kikaratasi nikakitia mfukoni bila kukisoma. Kuna mwaka na mimi nilipewa kama hicho, nikakitii neno kwa neno. Habari hiyo nitaifikia.

Pikipiki hii mwaka juzi ilikuwa haijawahi kulala gereji. Ilikuwa ya kivukoni. Wakati ule wengi waliotoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita walishukia hapa Busisi, kutoka MV Mwanza au MV Misungwi, na vijana walijipanga juu ya gati wakisubiri abiria. Safari zao zilikuwa fupi: kutoka kwenye maji hadi stendi, kutoka stendi hadi mtaani, mara chache hadi kijiji cha jirani. Injini ilikuwa haijapata hata joto la kutosha, tayari imeshazimwa. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa, na gari lililokuwa likipoteza saa nzima au zaidi kwenye foleni likawa linapita kwa dakika chache bila dereva kukanyaga ardhi yetu. Abiria wa kushuka wakaisha. Mpwa wangu alikaa wiki mbili akiangalia mabasi yakipita juu, kisha akaanza kubeba samaki: anawachukua mialoni alfajiri, anavuka daraja, anawafikisha Usagara au Mwanza mjini barafu ikiwa haijayeyuka.

Chombo ni kilekile lakini kazi imegeuka. Kumpeleka mama mmoja na kikapu chake mita mia tano, na kupiga lami nusu saa nzima na kilo mia moja nyuma ya siti, ni shughuli mbili ambazo hazichoshi mahali pamoja. Ndiyo maana kabla sijamshikia mtu spana humuuliza kwanza: siku hizi unaifanyisha nini? Jibu la swali hilo limewaokolea watu wengi hela za spea kuliko kifaa chochote nilicho nacho sandukuni.

Kitu cha kwanza nilichoshughulika nacho ni kifuniko cha tanki. Nilimwambia aijaze petroli, apande nayo barabara kuu, aiminye, na itakapoanza kukwama asiguse kitu kingine chochote ila asimame pembeni na kufungua kifuniko. Alirudi macho yamemtoka.

“Mjomba, imevuta pumzi! Imefanya fyuuu, halafu ikatulia, nikaondoka nayo kama mpya.”

Petroli ya pikipiki ndogo hizi haina pampu. Inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe, na kila tone linaloshuka lazima liachie nafasi hewa iingie juu. Hewa hiyo hupita kwenye kitundu kidogo kilicho katika kifuniko. Kila aliyewahi kumimina mafuta ya kula kutoka dumu anajua: usipotoboa kwa msumari upande wa juu, yanatoka kwa kugugumia, mara yanakuja, mara yanagoma. Tulipokigeuza kifuniko tukakuta duara la mpira wa tyubu, limekatwa kwa wembe kwa ustadi kabisa, limekaa chini yake. Mpwa wangu alikuwa ameliweka mwenyewe kwa sababu petroli ilikuwa ikimwagikia siti akibeba mzigo mzito kwenye mashimo. Kivukoni mpira ule haukumdhuru, kwa kuwa hakuwahi kwenda mbali kiasi cha tanki kuishiwa hewa. Na tanki likiwa limejaa ndipo tatizo huja upesi, maana nafasi ya hewa iliyobaki juu ni ndogo. Alikuwa anajaza kila alfajiri, kwa hiyo likamkaba mahali palepale pa daraja, siku baada ya siku, hata akaanza kuamini kwamba upepo wa pale juu ndio mbaya.

Tuliutoa ule mpira, tukakizibua kitundu, tukaweka sili halali ya kifuniko. Hiyo ndiyo iliyokuwa kabureta mpya.

Sikutaka aondoke na furaha hiyo peke yake, kwa sababu moshi bado ulikuwepo. Tukafungua plagi. Plagi ni kitu cha kusoma. Ncha yake ikiwa ya rangi ya udongo wa chungu kilichochomwa vizuri, moto ni wa kipimo. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, injini inakunywa petroli nyingi kuliko hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, inakosa petroli na inaungua. Ikiwa imelowa na kuteleza, hiyo ni oili inayopenya mahali isipotakiwa. Ya mpwa wangu ilikuwa nyeusi na kavu, na pembeni, upande mmoja tu, kulikuwa na unyevu mdogo wa oili. Nilimwonyesha aushike kwa kidole, ausugue, aunuse. Mambo mawili tofauti yalikuwa yameandikwa kwenye kichuma kimoja.

Weusi ule ulitokana na hewa. Petroli ili iungue vizuri inahitaji hewa yenye uzito karibu mara kumi na tano ya uzito wake. Huku kwetu, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na ukipiga hesabu utaona kwamba lita moja ya petroli huvuta zaidi ya lita 10,000 za hewa. Fikiria mapipa hamsini ya lita mia mbili mbili, yote yapite kwenye kipande cha sponji kinachojaa kiganjani. Halafu fikiria ni hewa ipi: ya barabara ya moramu inayoshuka mwaloni mwezi wa Agosti, nyuma ya lori. Tulipoitoa ile sponji ilikuwa nzito kama tofali bichi. Injini ilikuwa inahema kupitia udongo, na kwa kuwa hewa ilipungua huku petroli ikija kama kawaida, masizi yakajaa.

Sponji huoshwa. Ioshe kwa maji na sabuni ya unga, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini hadi ikauke kabisa, kisha ichovye kwenye oili safi na uikamue tena mpaka ibaki na unyevu tu wa kunasa vumbi. Usitumie petroli kuosha chochote karibu na nyumba, hasa uani ambako jiko la mkaa huwa halizimiki. Nimeshaona paja la kijana lililoungua kwa kopo la petroli lililopinduka, na sitalisahau. Na wale wanaong'oa sponji kabisa ili injini itoe mlio mzito, ningewaomba waweke tu kidole ndani ya bomba la hewa baada ya wiki moja, wasikie mchanga. Mchanga huo unakwenda kusaga bloku.

Niligundua pia kwamba alikuwa anabadilisha oili kila baada ya wiki mbili, kama alivyozoea kivukoni. Lakini kilomita alizokuwa akizitembea kwa wiki mbili enzi zile, sasa anazimaliza kwa siku tatu au nne. Tuliimwaga. Ilitoka nyembamba, nyeusi, inanuka kuungua. Tangu siku hiyo anasoma kilomita kwenye dashibodi na kuandika kwa kalamu ukutani kwa mama yake.

Kabureta tuliifungua pia, kwa kuiosha tu. Ndani yake mna vijeti vya shaba vyenye matundu madogo mno. Mafundi wengi huyazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki, na shaba ni laini: waya wa chuma ukiingia na kutoka mara tatu tundu limepanuka, na hakuna namna ya kulirudisha. Tangu hapo injini inakunywa kupita kiasi na mwenyewe analaumu kituo cha mafuta. Hapa Busisi tuna dawa iliyo bora kuliko ya mjini. Chukua uzi mmoja wa nailoni kutoka kipande cha wavu uliochakaa, ukate mshazari kwa wembe, uupitishe. Nailoni inasukuma uchafu na kuiacha shaba ilivyo. Mpwa wangu aliifanya kazi hiyo mwenyewe, amekaa kwenye kigoda, jeti ameiinua juu usawa wa jua mpaka akaona nukta ya mwanga upande wa pili, nzima, mviringo, bila unywele wa uchafu. Akaniita nije nitazame. Nilitazama.

Sasa nieleze ule moshi, na kikaratasi changu cha zamani.

Nilikuwa na pikipiki ndogo ya aina hiihii. Ilianza kutoa moshi wa bluu asubuhi, dakika moja hivi, halafu unakwisha. Fundi niliyempelekea aliutazama mara moja akasema pistoni na ringi zimekwisha. Nilinunua. Bloku ikapelekwa kwenye mashine ya kuchonga, pistoni ya saizi kubwa ikafungwa, nikaambiwa niitembeze polepole wiki mbili ili izoeane na bloku. Nikaitembeza. Asubuhi ya siku ya kwanza baada ya wiki hizo mbili nikapiga kiki, na moshi uleule ukatoka, mwingi uleule, kwa dakika ileile moja. Fedha iliyokwenda ilikuwa ada ya muhula wa mwanangu, na nililazimika kwenda kumwomba mwalimu mkuu anivumilie. Sikuwa na la kumweleza zaidi ya ukweli.

Nilichokuja kujifunza baadaye ni hiki: tazama moshi unatoka saa ngapi. Juu kabisa ya injini, kwenye silinda hedi, kuna valvu mbili, na kila moja shingoni imevaa kipete cha mpira kiitwacho sili. Kazi yake ni kuizuia oili inayolainisha juu isichuruzike kufuata shingo ya valvu hadi mahali pa moto. Mpira huo ukikauka kwa joto unakuwa mgumu kama kwato. Usiku, injini imelala, oili inachuruzika tone kwa tone na kukusanyika. Asubuhi inaungua yote kwa mkupuo, moshi unatoka, kisha hali inatulia. Utaiona tena ukishuka kilima kirefu umeachia mafuta, halafu ukiminya ghafla. Lakini ringi zilizokwisha hazichagui saa. Zinatoa moshi muda wote injini inapovuta mzigo, mchana na usiku, na nguvu inapungua.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine. Toa plagi, waya wake uuweke mbali na tundu, ziba tundu la plagi kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote, mwenzako apige kiki. Injini yenye ringi nzima itakirusha kidole chako hata usipotaka. Ikikitoa kwa unyonge, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye lile tundu na urudie. Kama nguvu imeongezeka, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ringi ndizo mbovu. Kama haikuongezeka, tafuta kwenye valvu. Boxer ya mpwa wangu ilikirusha kidole chake mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara alicheka. Pistoni haikuwa na kosa.

Kazi ya kutoa silinda hedi inaweza kufanyika uani kama una subira na turubai safi. Tuliazima kibano cha kubania springi za valvu. Kabla ya kulegeza chochote tuliweka alama ya magneti mahali pake na kuipiga picha kwa simu gia ya taimingi, kwa sababu cheni ya taimingi ikiruka jino moja injini inaweza kugoma kuwaka, na ikiwaka inaweza kujigonga yenyewe. Nati nne tulizilegeza kidogokidogo kwa kukatiza, na wakati wa kufunga tukakaza vilevile. Gasketi ya zamani hatukuirudisha. Sili moja ilitoka nzima. Ya pili ilivunjika mkononi mwa mpwa wangu kama ganda la karanga, ya upande uleule uliokuwa umelowa kwenye plagi.

Wakati wa kufunga tuliseti na tapeti. Hapo wengi huiua injini kwa upendo. Nafasi inayotakiwa kati ya tapeti na valvu katika injini ndogo hizi ni sehemu ndogo ya milimita, kama unene wa unywele wa mtu. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo kamili, nawe upime kwa fila geji injini ikiwa baridi kabisa. Mteja akisikia mlio wa tiki-tiki anataka unyamaze, na fundi anakaza mpaka unanyamaza. Valvu iliyokazwa hivyo haifungi vizuri injini ikipata moto, na kwa mwendo wa mizunguko 6,000 kwa dakika inatakiwa kufunguka na kufunga mara hamsini kila sekunde. Muda pekee ambao valvu ya kutolea moshi inapumzika na kupoa ni pale inapokaa barabara kwenye kiti chake. Ukiinyima muda huo inaungua ukingo. Ningependa zaidi injini inayoongea kidogo.

Baada ya matengenezo akaleta ombi lake la kweli. Alitaka mwendo. Wenzake wamefunga spoketi kubwa ya mbele ili wakimbie darajani. Tulihesabu meno pamoja: mbele 14, nyuma 42, maana yake spoketi ya mbele inazunguka mara tatu ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Akiweka 15 mbele inakuwa mara 2.8, mwendo unaongezeka na nguvu inapungua kwa kiasi hichohicho. Lakini yeye anapanda kutoka mwaloni na makreti ya barafu, kisha anakutana na upepo wa Ziwa kifuani. Akiwa gia ya nne injini yake tayari inalia. Tukafanya kinyume: mbele 14, nyuma 45, mara 3.2 na ushei. Alipoteza mwendo kidogo, akapata gia ya nne inayovuta mzigo bila kurudi ya tatu kila mara. Cheni ilibidi iongezwe pingili, na tulibadilisha vyote vitatu kwa pamoja, kwa sababu meno ya spoketi ya zamani yalikuwa yamepinda kama ndoano, na ndoano hizo zingeila cheni mpya ndani ya mwezi mmoja.

Keria ilichomelewa kwa fundi wa jirani, bomba nene, imeshikiliwa na boliti za shokapu, haikuning'inizwa kwenye mkia wa siti. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha betri imechomolewa na soketi ya CDI, kijisanduku kinachoongoza cheche ya plagi, imetolewa kabla ya kuchomelea kuanza. Umeme wa kuchomelea ukipita kwenye fremu unaweza kukiua kijisanduku hicho bila dalili yoyote ya nje. Breki shuu za nyuma nilimwambia azikague kila mwisho wa wiki. Taa za rangi alizotaka nilimkatalia, maana koili ya kuzalisha umeme ya pikipiki hii ni ndogo na ina kazi ya kutosha. Tuliweka balbu moja ya LED mbele, inayokula umeme kidogo na kumulika mbali, kwa sababu anaondoka saa kumi na moja alfajiri na barabarani kuna ng'ombe.

Siku iliyofuata alikuja kabla ya alfajiri. Pikipiki ilikuwa imelala uani kwangu usiku kucha. Nilishika tochi nikaielekeza kwenye eksozi, yeye akapiga kiki. Iliwaka ya pili. Tulisimama wote wawili tukiangalia ule mwanga wa tochi, dakika moja, dakika mbili, na hakikupita kitu ndani yake ila mvuke mwepesi wa baridi ya asubuhi. Akafunga makreti, akanishukuru, akaondoka.

Kutoka kwangu sauti ya daraja inasikika upepo ukitokea ng'ambo. Niliisikia Boxer ikipanda lami, ikaingia gia ya tatu, ya nne, ikafika pale katikati ilipokuwa inakwama, ikapita. Nilikitoa kile kikaratasi mfukoni nikakikunjua. Pistoni. Ringi. Kabureta. Nikaifungia ndani yake ile sili iliyovunjika, nikaiweka sandukuni pamoja na spana.